Begi ni begi, nanga ni nanga: tulivyofunga parachuti ya Chaser upya

Mizani ya samaki ndo ilinionyesha tatizo liko wapi. Ile ya kuning'iniza, ya springi, yenye ndoano chini na uso wa duara kama saa ya ukutani, niliiazima kwa mama mmoja anayeuza sangara pale Kigungu, Entebbe, akaniuliza dada unaenda kupima nini, nikamwambia napima nguvu ya mkono wa mdogo wangu. Nikaipachika ndoano kwenye leva ya parachuti ndani ya Chaser, gari letu la mbio, parachuti ile inayofunguka nyuma ya gari kulisaidia kusimama, nikaanza kuvuta polepole huku mdogo wangu anasoma namba kwa sauti. Kilo 10. Kilo 15. Kilo 20. Kwenye kilo 22 leva ikafika mwisho, ikagonga chuma, na kule nyuma ya gari pini ilikuwa bado imeshika, imetoka nusu tu, begi la parachuti limefungwa vilevile kama tulivyolifunga asubuhi.

Wiki moja kabla ya hapo mdogo wangu aliivuta leva hiyohiyo akiwa kwenye kilomita 210 kwa saa. Hakuna kilichotoka. Akavuta tena, bado, ndo akashika breki. Alisimama mita 30 hivi kabla lami haijaisha, na lami ile ikiisha kuna nyasi, afu mtaro wa maji ya mvua. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa kumalizia nangoja kuona kitambaa kikichanua, nikaona taa za breki tu, na nikajikuta nakimbia kabla hata sijajua nakimbilia nini. Nilipofika alikuwa bado amefunga mkanda, mikono yote miwili iko kwenye usukani, ananiangalia. Akasema, "Dada, haikutoka." Basi. Usiku ule sikulala, nikaamua parachuti ile inafunguliwa yote, kila bolti, na inafungwa upya na mikono yangu mwenyewe, na haya ninayoandika hapa ni yale niliyojifunza, maana nimetafuta maelezo ya Kiswahili ya kitu hiki sikuyaona popote.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi, kazi yangu iko Katwe, Kampala, na Kiswahili nimekinyonya kambini maana baba alikuwa mwanajeshi na kambini hapa Uganda Kiswahili ndo lugha ya kila siku. Gari ni Toyota Chaser ya JZX100, injini 1JZ-GTE, tabo (turbo, ile inayosukuma hewa zaidi kwenye injini) imebadilishwa, giaboksi imebadilishwa, ndani kuna keji ya mabomba ya kumlinda dereva gari likipinduka, na dereva akishakaa ndani ni kama kilo 1,500. Anayeendesha ni mdogo wangu wa mwisho. Tunakimbiza mita 402, ile robo maili ya kawaida ya dragi, mbio za kunyoosha moja kwa moja, kwenye kiwanja cha ndege ndogo chenye lami ya kama kilomita moja.

Fanya hesabu na mimi hapa. Lami mita 1,000. Toa mita 120 za kuchoma matairi, yaani kuyazungusha palepale yapate joto, na kujipanga. Toa 402 za mbio. Zinabaki kama 478 za kusimama. Gari ikivuka mstari na kilomita 220 kwa saa maana yake inakula mita 61 kila sekunde moja, na matairi yetu ya mbele ni membamba ili kupunguza uzito, kwa hiyo breki hazishiki kama za gari la kawaida, nikipiga kwa uangalifu napata zaidi ya mita 300 za breki tupu, ongeza sekunde moja ya mguu kuhama toka mafuta kwenda breki, umebakiwa na mita 100 hivi. Hiyo ni siku breki ziko baridi, lami kavu, na dereva hajachelewa. Mdogo wangu siku ile alipoteza sekunde mbili na nusu akingoja kitu ambacho hakikuja. Ndo mita 100 hizo zilikoenda.

Watu huwa wananiambia eti sheria haitaki parachuti kwa spidi yetu, na ni kweli, kule Marekani sheria ya NHRA, chama chao kikubwa cha mbio za dragi, inalazimisha parachuti gari ikifika maili 150 kwa saa, yaani kilomita 241, na ikifika maili 200, kilomita 322, inataka mbili. Lakini sheria ile imeandikwa kwa viwanja vilivyojengwa kwa ajili ya dragi, vyenye barabara ndefu ya kusimamia na mchanga na neti mwishoni. Sisi mwishoni tuna mtaro. Na hata wao wenye hayo yote, mwaka 2008 pale Englishtown, New Jersey, dereva Scott Kalitta alifariki, injini ililipuka kabla ya kumaliza, parachuti zikaharibika, gari likapita mwisho wa uwanja, na baada ya hapo wakapunguza mbio za magari yale yenye kasi kuliko yote kutoka futi 1,320 hadi futi 1,000 ili nafasi ya kusimama iongezeke. Wenye viwanja virefu walikata urefu wa mbio. Sisi wenye kiwanja kifupi tunaongeza tabo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Parachuti tuliinunua mtumba, ilitoka Marekani, ni ya umbo la msalaba, mikono minne ya kitambaa cha nailoni, kila mkono una kamba 4, jumla 16, na kamba zote zinakutana kwenye mkanda mkuu mmoja mpana kama mkanda wa usalama wa lori. Juu ya yote kuna kiparachuti kidogo chenye springi ndani yake, pailoti, ambacho unakikandamiza ndani ya begi, pini ikitoka kinaruka kama chura, kinashika upepo, kinaivuta ile kubwa itoke. Kifaa chenyewe ni kizuri. Waliotufungia, garage moja hapa mjini ambayo sitaitaja, walikifunga vibaya sehemu tatu, na mimi nilikipokea nikakisaini bila kuingia chini ya gari kuangalia, hilo nalibeba mwenyewe.

Kosa la kwanza na kubwa ni kwamba walidhani begi na nanga ni kitu kimoja. Wakatoboa sakafu ya buti pale pa tairi la akiba, wakapiga kibao, begi likakaa hapo na mkanda mkuu ukafungwa hapohapo. Sasa sikiliza. Begi halibebi chochote, kazi yake ni kushikilia nguo iliyokunjwa hadi uiite. Mzigo wote unakuja kwenye mkanda mkuu, pale ulipofungwa kwenye gari, hapo ndo nanga. Kwa parachuti yetu, kwenye kilomita 220 kwa saa, hesabu inanipa mvuto wa kama kilo 550, na hiyo ni ikishachanua na kutulia, ule mshtuko wa kuchanua unazidi hapo. Na wao walikuwa wameifunga kwenye bati la sakafu, milimita moja hivi ya bati, tena sentimita 20 upande wa kushoto kwa sababu ndo tundu la tairi la akiba lilipo. Nikikaa nikafikiria siku ile ingetoka, kilo 550 na zaidi zinavuta kona ya kushoto ya gari linalokwenda 210, naona bora tu pini ilikwama.

Nanga inatakiwa iwe katikati kabisa kushoto-kulia, hiyo kila mtu anaelewa. Urefu kutoka chini ndo watu hawaulizi. Mkanda ukivuta juu sana kupita kitovu cha uzito wa gari, pua inainuka, matairi ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hausikii. Ukivuta chini sana, kama ilivyokuwa yetu, pua inazama na matairi ya nyuma ndo yanakuwa mepesi, gari linaanza kucheza mkia wakati huohuo unapokanyaga breki. Unataka mstari wa mvuto upite karibu na kile kitovu, na kwa gari la saluni la aina hii ni kama nusu mita kutoka kwenye lami, juu kidogo ya usawa wa kranki ya injini. Mimi nilifunga uzi wa kujengea, ule wa mafundi wa matofali, toka kwenye injini hadi nyuma ya bampa, nikaunyoosha kwa pima maji, nikaweka alama kwa chaki.

Afu nikakata kile kibao chao chote. Tukaweka bomba la chuma linalokatiza toka mguu wa chasisi wa kulia hadi wa kushoto, likachomelewa pande zote mbili, likaungwa na mabomba ya nyuma ya keji, na katikati yake masikio mawili ya chuma cha milimita 6, kama uma, mkanda unaingia katikati ya masikio na bolti inapita zote. Bolti ya milimita 12, yenye alama ya 10.9 kichwani, usikubali bolti isiyo na alama hata muuzaji akuapie. Ikishikwa na masikio mawili haiwezi kupinda kirahisi kama ile iliyoshikwa upande mmoja tu. Na kati ya masikio nimeweka bushi laini ili mkanda usikae kwenye nyuzi za bolti, maana nyuzi zile ni msumeno. Kingo za masikio nimezipiga tupa mpaka ukipitisha kidole hakikwaruzwi, kijana wa weldingi alikuwa ananiambia dada imetosha, nikamwambia pitisha ulimi wako, ukiogopa bado haijatosha.

Kosa la pili lilikuwa begi lenyewe, na hili lilinifundisha sana. Begi lilikuwa chini, usawa wa bampa, linaangalia nyuma. Gari lenye buti refu kama Chaser likikimbia linaacha nyuma yake shimo la hewa, hewa pale inazunguka tu haiendi popote. Kiparachuti kidogo kikirukia humo ndani hakishiki kitu, kinaanguka. Nilikuwa nimelisoma hili lakini sikuliamini mpaka nilipoliona. Tulichukua mwanzi, tukaufunga wima nyuma ya buti, tukabandika riboni fupifupi toka chini ya bampa hadi juu ya paa, kila sentimita 10 riboni moja, mwenzetu akatufuata na gari lingine akiwa na simu anarekodi, tukaenda kilomita 90 kwa saa palepale kiwanjani. Riboni za juu ya buti zimenyooka kabisa kurudi nyuma. Zile za chini, usawa wa bampa, zilikuwa zinaelekea MBELE. Zinalamba gari. Hewa inarudi. Niliitazama ile video labda mara 20.

Kwa hiyo begi sasa liko kwenye mabomba mawili juu, usawa wa kifuniko cha buti, limeinama kidogo kuangalia juu, na pailoti inarushwa moja kwa moja kwenye hewa safi. Mkanda unatoka ndani ya begi, unashuka hadi kwenye nanga, umefungwa na vifungio vyembamba vya plastiki ambavyo vinakatika wenyewe mvuto ukija. Begi juu, nanga katikati. Urefu wa mkanda nao una maana, parachuti kubwa inatakiwa ichanue mbali kidogo, nje ya lile shimo la hewa, ikichanua karibu inapepesuka huku na kule na gari linapepesuka nayo.

Kitu kingine hapa kwetu, Entebbe iko kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi ukilinganisha na Mombasa siku ya joto lilelile. Injini ina tabo ya kufidia. Parachuti haina. Kitambaa kilekile kwa spidi ileile kinavuta pungufu huku kwetu, kwa hiyo ukinunua saizi kwa kusoma jedwali la watu wa pwani ya Marekani chukua inayofuata juu.

Kosa la tatu ndo lile la mizani. Walitumia kebo ya boneti. Mimi sina shida na kebo ya boneti ikifungua boneti. Lakini ganda lake ni laini, linajikunja, na wao hawakulishika mwisho wa nyuma, walilipitisha tu kwenye tundu. Ukivuta waya, ganda nalo linajisogeza, yaani nusu ya mvuto wako inaishia kunyoosha ganda. Nilipima kwa rula, pini inataka itembee milimita 45 ili iachie. Leva inatembea 60. Ganda lilikuwa linakula 35. Toa mwenyewe. Na njiani walikuwa wameikunja kona mbili kali, moja ikizunguka mguu wa kiti, kila kona inakaba waya ndani. Mkono wa mdogo wangu haukuwa na kosa lolote, na nilimwambia hivo, kwa sababu wiki nzima alikuwa anajiuliza kama alivuta kwa woga.

Dawa ilitoka ziwani. Injini za boti, zile za kufunga nyuma, zinaendeshwa kwa kebo ngumu ya kusukuma na kuvuta, ganda lake halikunjiki wala halifupiki, na Entebbe kebo hizi zipo maana wavuvi wanazitumia kila siku kwenye maji na mvua. Nilinunua moja ya mita nne, nikaipitisha katikati ya gari juu ya ule mgongo wa sakafu unaofunika giaboksi, imenyooka karibu yote, pale inapokata kona imekata taratibu, duara kubwa kama sufuria la ugali la familia, na nikalibana ganda kwa kibano cha chuma pande zote mbili, mbele kwenye leva na nyuma sentimita chache kabla ya pini. Mizani ikasoma kilo 7. Nikarudia mara 10, ikasoma 7 au 8, pini inaruka kila mara. Jioni niliirudisha mizani nikanunua na samaki.

Leva nimeihamisha pia. Gari zetu usukani uko kulia, mkono wa kushoto ndo wa gia, kwa hiyo leva iko mbele kidogo ya gia, inavutwa kuja kwako, na nimeivalisha mpira mnene wa baiskeli ili mkono wenye glavu uijue bila macho. Tulimfunga mdogo wangu mkanda mpaka hapumui vizuri, nikamziba macho na kitambaa, nikawa nasema "parachuti!" ghafla katikati ya mazungumzo mengine. Mara ya kwanza alishika hendibreki. Mara ya 30 hakukosea tena. Nilimfanyisha 50.

Sasa kukunja. Hapa nilihitaji mtu, maana karatasi iliyokuja na parachuti ilikuwa imelowana haisomeki. Baba kabla hajafariki alikuwa na rafiki, mzee mmoja anaishi Entebbe mpaka leo, wote tunamwita Afande, ujanani mwake, miaka ya 1970, alikuwa kwenye jeshi la anga, kazi yake ilikuwa kukunja parachuti za breki za MiG, ndege za kivita. Ndege zile zikitua zinatoa parachuti nyuma, kwenye mkia, kama gari letu tu. MiG zilizochomwa na makomando wa Israeli pale uwanja wa ndege wa Entebbe usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 yeye alizijua kwa namba moja moja. Nikamwendea, nikamsalimia, "Jambo Afande," akasema "Jambo binti, leta hiyo nguo."

Kabla hajaigusa alivua saa. Alivua pete. Akaangalia kucha zangu, akanituma kwenda kuzikata. Tukatandika mikeka mitatu kwenye veranda, tukaitandaza nailoni yote, na yeye akapiga magoti akaanza kutembeza kidole gumba kwenye mshono, mkono wa kwanza wa msalaba hadi wa nne, polepole, hasemi kitu. Afu akaniambia nishike upande ule, tukakiinua kitambaa dhidi ya jua. Matundu mawili, kila moja kama punje ya maharage, yamekaa jirani. Panya. Begi lilikuwa limekaa garage miezi mitatu sakafuni. Akaniuliza, "Nani aliiweka chini?" Nikasema mimi, Afande. Akasema, "Isiwekwe chini tena." Tulishona kiraka cha nailoni kwa uzi wa nailoni, mshono wa zigzagi, alikataa uzi wa pamba katakata, pamba inaoza na inakatika kabla ya kitambaa. Akasema ingekuwa kamba imeliwa asingekubali kiraka, kamba iliyoliwa inabadilishwa.

Kukunja kwenyewe ni kwa mpangilio wa kinyume, kinachotoka mwisho kinaingia kwanza. Unafunga mkanda mkuu kwenye nanga, unazinyoosha kamba zote mpaka mwisho ziwe sawa kama nyuzi za zeze, na hapo unahesabu. Afande alinihesabisha kamba 16 mara mbili kwa sauti, mara ya pili nikianzia upande mwingine. Kamba moja ikipita juu ya mwenzake hapo, parachuti inachanua upande mmoja. Afu kamba zinaingia chini kwenye begi kwa mikunjo ya kwenda na kurudi, hakuna kuzungusha mkononi kama kamba ya mbuzi, ukizungusha umetengeneza fundo. Juu yake kitambaa, mikono minne imelazwa pamoja, inakunjwa kama akodioni, hewa unaikamua kwa kiganja. Juu kabisa pailoti, unaikandamiza kwa goti springi ikae bapa, mtu wa pili anafunga vifuniko vinne vya begi, vitanzi vinapita, pini inaingia. Pini nayo ipakwe nta kidogo, ya mshumaa inatosha. Mara ya kwanza tulitumia dakika 50. Sasa ni 15, na Afande bado anasema tunaharakisha.

Na usiiache imekunjwa. Msimu wa mvua hapa unyevu unaingia kila mahali, nailoni iliyokunjwa na unyevu inashika ukungu na mikunjo inagandana, springi inachoka. Sisi ikirudi toka kiwanjani inafunguliwa, inaning'inizwa kivulini mpaka ikauke, maana jua nalo linaila nailoni polepole bila kuonekana, inakaa kwenye mfuko wa wavu umening'inizwa juu ya dari, inakunjwa tena usiku wa kuamkia mbio.

Kuna pini ya pili, ya usalama, ina kitambaa chekundu kirefu, inazuia parachuti isitoke gari likiwa linasukumwa na watu wako nyuma. Hii ikisahauliwa kazi yote niliyoeleza ni bure. Kwa hiyo tumejiwekea, ninaitoa mimi mwenyewe gari likishajipanga kwenye mstari, nakwenda dirishani, namkabidhi dereva mkononi, anaiweka chini ya mkanda wa paja. Hajaishika, haondoki.

Majaribio tulipanda ngazi. Kwanza gari limesimama, mara 5, kuona pailoti inaruka wapi. Kilomita 100, afu 140, afu 180. Gari likiwa kwenye mwendo wa chini ya 100 usijaribu, pailoti haina nguvu ya kutosha kuitoa kubwa, inaburuzwa kwenye lami na unaanza kushona upya. Kwenye 140 nilihesabu picha za video, toka leva inavutwa hadi kitambaa kimejaa ni kama nusu sekunde na zaidi kidogo, kwa hiyo dereva anavuta palepale anapovuka mstari, mguu ukiwa bado uko kwenye mafuta, inashika, ndo anaachia, na gari linakaa limenyooka kama limeshikwa shati kwa nyuma. Mvuto unashuka haraka sana, spidi ikipungua nusu unabaki na robo, zile kilo 550 za kwenye 220 zinakuwa kama 137 kwenye 110, hapo breki ndo zinamaliza kazi, na zinaikuta kazi ikiwa ndogo.

Mbio zenyewe tulirudi mwezi uliofuata, uwanja uleule. Afande alikuja, nikamletea kiti akakataa kukaa. Mdogo wangu alivuka na 218. Niliona pailoti inaruka juu ya buti, nikaona mikono minne ya msalaba inafunguka, ikajaa kwa sauti kama shuka jipya likikung'utwa, na gari likaketi. Lilisimama na lami imebaki zaidi ya mita 200. Sikukimbia safari hii, nilitembea.

Tukaikusanya mikononi, hatukuiweka chini, tukaenda nayo hadi veranda ya Afande jioni ileile, mikeka mitatu, saa imevuliwa, pete imevuliwa. Akatembeza kidole gumba kwenye mshono. Mkono wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu akasimama, akaniita, kuna doa dogo gumu kama tone la nta, nailoni imeyeyuka. Akanusa. "Moto wa egzosti," akasema. "Bomba linaangalia wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono, nyuma na juu kidogo. Akashika mkono wangu akaugeuza taratibu hadi ukaangalia pembeni, chini ya mlango wa nyuma, akauacha hapo.

Bomba nimelikata jana. Kesho nalichomelea.